Watoto wa jakirabiti: utawaonaje porini bila kuwasumbua?

NyikaTulivu

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaowajua vizuri wanyama wa jangwani. Eneo lenyewe ni jangwa la Sonora, kusini mwa jimbo la Arizona, Marekani: vichaka vya kreosoti, mathenge na mipungate, na makorongo makavu yanayopita katikati. Jakirabiti wakubwa, wale sungura wa porini wa Amerika wenye masikio marefu, wanaonekana asubuhi na jioni bila shida, tena wa aina mbili. Watoto wao ndio hawaonekani. Na kila sungura mdogo anapojitokeza linabaki swali: huyu ni mtoto wa jakirabiti, au ni sungura mkia-pamba (sungura mwingine wa porini, mdogo zaidi) aliyekwisha komaa?

Nataka kujua mambo haya. Ni miezi gani na saa zipi zina matumaini? Nitazame wapi hasa, maana kila kichaka kinafanana na kingine? Alama zipi za mwilini zinatenganisha mtoto wa jakirabiti na mkia-pamba? Na umbali gani ni salama kwa mnyama mwenyewe? Vifaa nilivyo navyo ni darubini ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42) na kamera yenye lenzi ya milimita 400.

---

KivuliChaKichaka

Karibu, ndugu. Nianze na jambo ambalo wengi hawalipati mapema: mtoto mchanga wa jakirabiti hatafutwi kwa kupekua ardhi. Umbo lake na tabia yake vyote vinafanya kazi ya kumficha asionekane na mtu au mnyama anayepita akichungulia chini ya vichaka. Ukimpata kwa njia hiyo, mara nyingi umempata kwa kukaribia kumkanyaga, na hapo madhara yameshafanyika. Watoto unaoweza kuwatazama kwa raha ni wale waliofikisha wiki tatu na kuendelea, wanapotoka jioni kula majani pembezoni mwa vichaka. Elekeza nguvu zako huko.

Sababu iko kwenye namna wanavyozaliwa. Jakirabiti si wa kundi moja na sungura wa kufugwa wala mkia-pamba. Yuko kwenye jenasi ya Lepus, yaani kundi la sungura wa porini wenye miguu na masikio marefu. Mimba ya jakirabiti mkia-mweusi huchukua siku 41 hadi 47, ndefu kwa mnyama wa ukubwa huo, na mtoto hutoka akiwa na manyoya kamili, macho wazi, na uwezo wa kusogea muda mfupi baada ya kuzaliwa. Hakuna shimo la kuzalia wala tundu la kurudi. Kuna kilalio tu: mbonyeo uliokwanguliwa kwenye udongo chini ya kichaka au kando ya shada la nyasi, wenye kina cha sentimita chache. Watoto wanaweza kukiacha kilalio hicho ndani ya saa 24. Kwa siku kadhaa hubaki karibu karibu, kisha hutawanyika, kila mmoja chini ya kichaka chake.

Mama hakai nao. Mchana anapumzika mbali, usiku anakuja kunyonyesha, anaondoka. Kutokuwapo kwake ndio ulinzi wenyewe, kwa kuwa harufu na mwendo wa mnyama mkubwa vingewaelekeza koyoti (mnyama wa Amerika anayefanana na mbweha), paka-mwitu na tai mahali walipo watoto. Kwa hiyo ile dhana ya kumfuata jike mchana ili akupeleke kwa watoto haina msingi. Utamfuata kutwa nzima na hatakupeleka popote.

Kuhusu miezi: kwenu kusini mwa Arizona msimu wa kuzaa ni mrefu sana, takriban kuanzia Desemba au Januari hadi Septemba, na jike mmoja huzaa mara kadhaa kwa mwaka. Lakini kila uzazi ni wa watoto wachache, mara nyingi mmoja hadi watatu. Huko kaskazini, mfano jimbo la Idaho, msimu ni mfupi, unaanza Februari na kuisha kati ya Mei na Julai, ila watoto kwa kila uzazi ni wengi zaidi. Maana yake kwa mtazamaji ni hii: Arizona unaweza kumwona mtoto karibu mwezi wowote lakini mmoja mmoja, Idaho una miezi michache tu, ila katika miezi hiyo watoto wako kila upande.

Hata hivyo kalenda isikutawale. Fuata mvua. Sonora ina mvua za baridi na mvua za kiangazi zinazoanza kati ya Juni na Julai. Majani mabichi yakichipua, majike yanapata lishe ya kubebea mimba na kunyonyesha. Hesabu siku 41 hadi 47 za mimba, ongeza wiki tatu au nne za mtoto kukua hadi aanze kujitokeza, utaona kwamba kipindi kizuri kinakuja kama miezi miwili na nusu baada ya ardhi kugeuka kijani. Kwa mvua nzuri za Januari na Februari, basi Aprili na mwanzoni mwa Mei. Mwaka wa ukame usitegemee mengi.

Saa: nusu saa kabla ya jua kutua mpaka giza liingie, na alfajiri tangu mwanga unapotosha kuona rangi mpaka saa moja hivi baada ya jua kuchomoza. Katikati ya mchana achana nayo. Wote wamelala vivulini, na wewe ukitembea wakati huo utamfukuza mnyama kutoka kwenye kivuli chake wakati ambapo jua ni hatari kwake. Mtoto ana mwili mdogo, akiba ndogo ya maji, na mbio chache tu juani zinamgharimu sana. Mkubwa ana masikio mapana yenye mishipa mingi ya damu ya kupunguzia joto. Ya mtoto bado ni mafupi.

---

NyayoMchangani

Nakazia aliyosema KivuliChaKichaka, na nijibu lile la wapi.

Mtoto anahitaji vitu viwili visivyopishana mbali: maficho na chakula laini. Kwa hiyo tafuta mipaka, si katikati. Ukingo wa korongo kavu ambapo nyasi zinakutana na vichaka. Pembeni mwa uwanda ulioungua miaka michache nyuma na sasa una majani mafupi. Kandokando ya njia za magari zisizo na lami, kwa kuwa maji ya mvua hutiririka kutoka njiani na kuotesha majani mabichi pale pembeni. Kwenye kichaka kinene sana usipoteze muda: jakirabiti hutegemea kuona mbali na kukimbia, hapendi mahali panapomziba macho. Uwanda mtupu usio na kichaka hata kimoja nao utampata mkubwa tu.

Kabla ya kuamua utakaa wapi jioni, soma ardhi mchana kwa kupita njiani tu. Kuna vitu vitatu vya kusoma.

Kwanza mavi. Punje za jakirabiti ni za mviringo uliobanwa kidogo, zenye kipenyo cha sentimita 1 au zaidi kidogo, na ukizivunja ni nyuzinyuzi za majani makavu. Za mkia-pamba ni ndogo zaidi. Punje kubwa na ndogo zikichanganyika mahali pamoja, usikimbilie kusema kuna mama na mtoto. Mara nyingi ni aina mbili zinazolisha pamoja.

Pili vijia. Jakirabiti hupita njia ileile kati ya mahali pa kupumzikia na pa kulisha mpaka nyasi zinalala na mchanga unang'aa. Pale kijia kinapotokea kwenye nyasi fupi ndipo pa kuelekezea darubini jioni.

Tatu nyayo, na hapa naomba uwe mwangalifu. Mpangilio ni uleule wa sungura wote: miguu ya nyuma inatua mbele ya miguu ya mbele. Anapokimbia, jakirabiti mara nyingi hugusa chini kwa vidole tu bila kisigino, kwa hiyo unyayo wa mkubwa unaweza kuonekana mfupi kuliko mguu wenyewe. Wengi wanauona wanasema ni mtoto. Unyayo wa mtoto na wa mkia-pamba kwenye mchanga mlaini hautengani kwa uhakika. Nyayo zikuambie kwamba mahali panatumika. Umri usiusome humo.

Ukishachagua mahali, fika dakika 40 kabla ya jua kutua. Kaa chini, mgongo ukiegemea kichaka au mwamba ili umbo lako lisijitokeze juu ya upeo, upepo ukikupiga usoni. Kuna jambo dogo lenye faida kubwa: jua likiwa chini na wewe ukilielekea, masikio ya sungura yanapitisha mwanga na kung'aa rangi ya waridi yenye wekundu. Sikio la mtoto hata likiwa fupi linawaka hivyohivyo kati ya majani ya kijivu. Jua likiwa mgongoni kwako rangi ya manyoya inaonekana vizuri kwa kutambua aina, lakini mnyama mwenyewe anapotea kwenye udongo. Mimi napendekeza jua la pembeni kidogo mbele.

Na usitafute sungura mzima. Tafuta duara jeusi la jicho, ukingo wa sikio, au mstari wa mgongo uliolala mlalo mahali ambapo matawi yote yamesimama. Pitisha darubini polepole kutoka kushoto kwenda kulia kwenye ukanda wa chini kabisa, sentimita 30 za kwanza kutoka ardhini, halafu rudi kulia kwenda kushoto. Mara ya pili ndiyo inayotoa matokeo, kwa sababu pembe ya macho inabadilika na kivuli ulichokidhania jiwe kinapata sikio.

---

Mwanamasikio

Nichukue swali la utambuzi, maana ndilo linalokosewa zaidi, na picha nyingi zinazowekwa mitandaoni zikiitwa mtoto wa jakirabiti ni mkia-pamba wa jangwani, Sylvilagus audubonii.

Kwenu kuna jakirabiti wawili. Mkia-mweusi, Lepus californicus, ana ncha nyeusi masikioni na mstari mweusi juu ya mkia unaopanda mpaka kiunoni. Jakirabiti-swala, Lepus alleni, ni mkubwa zaidi, masikio yake ni marefu ajabu na hayana ncha nyeusi, na ubavuni ana weupe anaoucheza anapokimbia, unaonekana unahama upande mmoja hadi mwingine. Hifadhi ya Taifa ya Saguaro wako wote wawili, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujifunza tofauti kwa wakubwa kabla hujajaribu kwa watoto.

Sasa mtoto. Mtu anasema: masikio mafupi, basi ni mkia-pamba. Hapana. Masikio ya mtoto wa jakirabiti ni mafupi ukilinganisha na ya mama yake, na akiwa na wiki chache anaweza kulingana kabisa na mkia-pamba kwa urefu wa masikio na ukubwa wa mwili. Tazama mambo haya kwa mpangilio huu.

Ncha ya sikio kwa nyuma. Mkia-mweusi ana doa jeusi zito tangu mdogo. Mkia-pamba anaweza kuwa na ukingo mwembamba wa rangi nzito, lakini doa hana. Kama ncha haina weusi kabisa, usifunge hukumu, kwa sababu anaweza kuwa mtoto wa jakirabiti-swala. Hapo endelea kwenye alama zinazofuata.

Kisogo. Mkia-pamba ana kiraka cha rangi ya kutu nyuma ya shingo, kinachoonekana vizuri anapoinamisha kichwa kula. Hii alama naiamini kuliko nyingine zote kwa mnyama aliyetulia.

Miguu ya nyuma. Mtoto wa jakirabiti anaonekana kama amepewa miguu ya mnyama mwingine, mirefu na myembamba, na akisimama kiuno kinainuka juu. Mkia-pamba ni wa duara, kama donge. Kwa mkubwa wa mkia-mweusi unyayo wa nyuma hufika sentimita 11 hadi 14. Wa mkia-pamba ni kama sentimita 7 na nusu.

Mkia anapokimbia. Mkia-pamba anauinua na unaona weupe mtupu kama jina lake. Jakirabiti mkia-mweusi anaonyesha weusi juu.

Njia ya kukimbilia. Mkia-pamba anaingia kwenye kichaka kizito au tundu la mnyama mwingine lililo karibu. Jakirabiti, hata mdogo aliyeanza kujitegemea, anapiga mbio kwenye uwazi, anageuka mara moja au mbili, kisha analala chini ghafla. Ila mchanga kabisa hakimbii; analala bapa.

Kitu cha kukipuuza ni doa jeupe kwenye paji la uso. Watu wanalitaja kama alama ya mtoto wa jakirabiti. Baadhi wanalo, lakini watoto wa mkia-pamba nao mara nyingi wanalo, kwa hiyo halitenganishi chochote.

Na kama umekuta watoto uchi, wekundu, macho yamefumba, ndani ya kishimo kilichotandikwa nyasi na manyoya: hao ni wa mkia-pamba bila shaka yoyote. Funika kama ulivyokuta, ondoka.

---

DarubiniYaUsiku

Naongeza kuhusu vifaa. Hiyo 8x42 ni bora kuliko 10x42 kwa kazi hii, usishawishike kubadilisha. Magharibi kinachohesabika ni mwanga: gawanya 42 kwa 8 unapata milimita 5.25 za mwanga unaoingia jichoni, wakati 10x42 inatoa 4.2. Pia mkono unatetemeka kidogo, na uwanja wa kuona ni mpana zaidi.

Kwa wanaotumia darubini ya joto, yaani inayoonyesha joto la mwili kwenye skrini, inafanya kazi vizuri sana kwa jambo hili, lakini kwa saa maalumu. Saa mbili za mwisho kabla ya jua kuchomoza ardhi imepoa na mwili wa sungura unang'aa wazi. Mwanzoni mwa usiku mawe bado yana joto la mchana na kila jiwe la ukubwa wa ngumi linafanana na mtoto aliyelala. Mchana ni kinyume kabisa, mchanga wa jangwani unakuwa moto kuliko mwili wa mnyama naye anaonekana kama doa la baridi au haonekani. Kwa chombo hicho unaweza kumwona mtoto akiwa kilalioni kutoka mita 50 au zaidi bila kumsogelea hata hatua moja.

Kabla ya kutoka usiku na taa ya kumulika, uliza idara ya wanyamapori ya jimbo. Majimbo mengi ya Marekani yana kanuni kali kuhusu kumulika wanyamapori, na mtu mwenye kamera anaweza kudhaniwa mwindaji haramu.

---

KivuliChaKichaka

Ndugu DarubiniYaUsiku, kuhusu kuona ni kweli kabisa. Wasiwasi wangu na darubini ya joto ni kinachofuata. Mtu akishaona doa jeupe kwenye skrini anataka kwenda kuthibitisha kwa macho, na anakwenda moja kwa moja kwenye kilalio. Anaacha mstari wa harufu na majani yaliyokanyagwa. Koyoti ni mnyama mdadisi, ana kawaida ya kufuatilia njia mpya. Kama mtu ana nidhamu ya kubaki alipo, sawa. Kama hana, ni heri 8x42 na mwanga wa magharibi.

---

DarubiniYaUsiku

Nakubali. Niweke sharti basi: ukimwona kwa joto, weka alama ya mahali ulipo wewe, si alipo yeye, na urudi palepale kesho jioni kumtazama kwa darubini ya kawaida.

---

NyikaTulivu

Asanteni sana, haya yamenifungua macho. Bado umbali na kamera. Nimesoma kwamba mtoto akilala bapa maana yake ametulia na mtu anaweza kusogea apige picha. Ni kweli? Na nikimkuta peke yake, hana mama karibu, nifanye nini?

---

Mwanamasikio

Si kweli, na tafadhali usilifuate hilo. Kulala bapa, masikio yamelazwa mgongoni na macho yametoka, ni hofu. Anategemea usimwone. Ukizidi kusogea atachomoka, na akichomoka mchana ameonyesha mahali alipo kwa kila mwewe aliye juu, na ametoka mahali ambapo mama atakuja kumtafuta usiku.

Hifadhi za taifa za Marekani zinataka angalau yadi 25, yaani mita 23, kutoka kwa wanyama wengi. Kwa mtoto wa jakirabiti ichukulie hiyo kuwa kiwango cha chini kabisa, na ukipanga mwenyewe mahali pa kukaa weka mita 40 hadi 50. Kuna ishara za kukuambia umekaribia mno hata ukiwa nje ya kiwango: ameacha kutafuna ghafla, masikio yote mawili yamegeukia kwako na kubaki hapo, amejikunja uzito ukiegemea miguu ya nyuma, amelala bapa. Ukiona mojawapo, usirudi nyuma kwa ghafla. Tulia, geuza uso pembeni, kisha ondoka kwa mstari wa kumpita, si wa kumwelekea. Kusimama ghafla huku unamkazia macho kunawatisha kuliko kuendelea kutembea taratibu.

Kuhusu lenzi yako, piga hesabu uone matarajio yako yakae wapi. Kwa kamera ya fremu nzima (yenye kihisi cha upana wa milimita 36) na milimita 400, katika mita 30 picha inabeba upana wa mita 2.7. Mtoto mwenye urefu wa sentimita 20 atachukua sehemu moja ya kumi na tatu hivi ya upana huo. Inatosha kabisa kutambua aina, kuona doa la sikio na kisogo. Haitoshi kwa picha ya jicho limejaa fremu, na kishawishi cha kuongeza hatua kinaanzia hapo. Ukitaka zaidi, kaa muda mrefu zaidi mahali pamoja uwaache wao wasogee. Anayelisha jioni husogea kutoka shada hadi shada na anaweza kujileta mwenyewe. Kamera iwe karibu na ardhi, juu ya mfuko wa mchanga au maharage makavu, kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde kwa anayelisha na 1/2000 kwa anayekimbia. Fleshi usiiwashe kabisa.

---

NyayoMchangani

Na lile la mtoto aliye peke yake: kuwa peke yake ndiyo hali yake ya kawaida. Kila mwaka watu wenye nia njema wanawaokota watoto wazima kabisa, wanawapeleka nyumbani, na wengi wanakufa. Wanakufa kwa mshtuko wa kushikwa, kwa maziwa ya ng'ombe yanayoharibu tumbo, au kwa maziwa kuingia mapafuni wakinyweshwa vibaya. Jakirabiti ni mgumu kulea hata kwa wenye ujuzi.

Kuingilia kati kuna sababu chache: ana jeraha linaloonekana au damu, ameng'atwa na mbwa au paka hata kama tundu la jino ni dogo, nzi wamemtagia mayai, au yuko kando ya mama aliyekufa. Katika hali hizo piga simu kwa idara ya wanyamapori ya jimbo, kwenu ni Arizona Game and Fish Department, au mtu mwenye kibali cha kutunza wanyamapori, upewe maelekezo kabla ya kumgusa. Mwingine ni mtoto aliyelala katikati ya njia ya magari. Huyo mhamishe kwa glavu au kitambaa mpaka chini ya kichaka kilicho upande uleule, mita chache tu, halafu uondoke. Usimpeleke mbali, mama atatafuta pale pale.

Glavu zina sababu yake. Sungura wa porini wanaweza kubeba tularemia, ugonjwa wa bakteria unaoambukiza binadamu kwa kumshika mnyama mgonjwa au aliyekufa, na pia kwa kuumwa na kupe. Viroboto wao katika majimbo ya magharibi wanaweza kubeba tauni. Vaa suruali ndefu, ingiza ndani ya soksi, na ujikague kupe ukirudi.

Kuna pia ugonjwa wa sungura wa kutokwa damu, RHDV2, ulioingia kwa sungura wa porini kusini-magharibi mwa Marekani mwaka 2020. Unaua jakirabiti na mkia-pamba. Haumwambukizi binadamu, lakini virusi hudumu muda mrefu kwenye udongo na kusafiri kwenye soli za viatu. Ukitoka eneo moja kwenda jingine, kwanza sugua tope lote, kisha loweka soli kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, dakika 10. Bila kuondoa tope kwanza dawa haifanyi kazi. Ukikuta sungura kadhaa wamekufa eneo moja bila majeraha, usiwaguse, toa taarifa. Na kama una sungura wa kufugwa nyumbani, viatu vya porini visiingie walipo.

---

Uwanda_Baridi

Kwa watakaosoma uzi huu wakiwa kaskazini, kwenye uwanda wa vichaka vya Artemisia (vichaka vya kijivu vya nyanda kavu za baridi): mengi yaliyosemwa yanafaa, ila mko na jakirabiti mkia-mweupe, Lepus townsendii, naye ana ncha nyeusi masikioni pia. Kwa hiyo ncha ya sikio haitawatenganishia jakirabiti na jakirabiti. Tazama mkia, ambao kwa huyu ni mweupe wote. Uzazi wake una watoto wengi zaidi, mara nyingi 4 au 5, kati ya majira ya kuchipua na katikati ya kiangazi. Upande wa kaskazini wa Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, karibu na Gardiner, anapatikana.

Jambo jingine la huku: idadi ya mkia-mweusi katika Bonde Kuu (Great Basin, eneo kavu la magharibi mwa Marekani) hupanda na kuporomoka kwa mzunguko wa miaka saba hadi kumi hivi. Katika mwaka wa kuporomoka unaweza kufanya kila kitu sawasawa na usione mtoto hata mmoja. Hesabu wakubwa kwanza. Ukitembea kilomita kadhaa za vichaka vizuri jioni na hujaona jakirabiti hata wawili, hamia bonde jingine badala ya kulaumu macho yako.

---

KivuliChaKichaka

Nyongeza moja kabla NyikaTulivu hajatoka. Wanasema jakirabiti haingii shimoni, na kwa kawaida ni kweli, lakini katika joto kali la jangwa la Mojave wamejulikana kuchimba vishimo vifupi na kuingia kwenye mashimo ya kobe. Ukimwona mdogo akiingia tundu mchana wa joto, usimwandike mkia-pamba kwa sababu hiyo pekee. Subiri atoke, tazama kisogo na ncha ya sikio.

Kwa jioni zako za kwanza fanya hivi: chagua ukingo mmoja wa korongo wenye kijia kinachotumika, kaa palepale jioni tatu mfululizo, usihame. Jioni ya kwanza wakubwa watakuona na kukwepa. Ya pili watapita mbali kidogo. Kufikia ya tatu utajua wanatokea wapi na saa ngapi, na watoto waliokwisha anza kula hutokea dakika chache za mwisho za mwanga, karibu zaidi na kichaka kuliko wakubwa. Ukiona hatokei hata mmoja, sogea mita 300 kando ya korongo hilohilo, uanze upya.

---

NyikaTulivu

Nimeelewa, shukrani kwenu nyote. Naanza na ukingo wa mashariki wa korongo ili jua la kutua liwe mbele yangu kwa pembeni. Nitaandika hapa aina, saa na umbali, na picha za kisogo na masikio mnisaidie kuhakiki.

---

Mwanamasikio

Vizuri. Ukiweka picha, taja wilaya tu, usiweke alama kamili ya mahali, na ondoa kuratibu zilizofichwa ndani ya faili la picha kabla ya kupakia.